Boîte Tisa za Guylain

Jumanne, 25 Machi 2025

Siku ya 39 bila Guylain. Belle-mère, mama ya Guylain, alikuja asubuhi na pagne nyeusi, kitambaa cha wajane, ndani ya sachet. Aliiweka juu ya meza, karibu na uji ya Ornella, mutoto wangu. Ornella aliuliza: hii ni ya nani? — Ni ya mama yako, alisema.

Nilichukua sachet, nikaiweka nje ku mulango. Yeye akairudisha ndani.

Mama Adolphine hana ubaya. Yeye ndiye alimuzaa Guylain, si mimi. Anasema familia iliketi, na Léopold, kaka mukubwa wa Guylain, alikata neno: deuil, matanga yake, ifanyike Jumamosi ya tarehe 5 Aprili. Mutu hakuonekana tangu tarehe 14 Februari, siku ile muji ulipinduka, bunduki ziliingia, na kila mutu akajifungia kwake. Alikuwa kazini ku parc, hifadhi ya pori ya Nyamirhanga, kule kando ya ziwa, yeye na Destin mwenzake. Alinipigia simu saa tano: tutabaki huku mpaka itulie, funga mulango, usitoke. Kisha — kimya. Nilifunga mulango. Sikutoka.

Baadaye nilitafuta. Hospitali zote. Morgue, kule kwa maiti, mara tatu. Liste za watu waliopotea. Parokia. Hakuna mwili, hakuna habari.

Belle-mère anasema kama hakuna mwili tutazika kitu cha mukono wake, kitu alichotengeneza yeye mwenyewe. Nimezunguka nyumba yote natafuta. Guylain hakutengeneza kitu humu ndani! Viti tulinunua. Rafu ya sahani tulinunua. Yeye alikuwa anatengeneza njia tu, kule porini. Njia, na zile boîte zake za plastiki zenye vifuniko.


Jumatano, 26 Machi

Kazini, ku labo. Réactif, dawa za kupimia, zimeisha tena. Wagonjwa wanakuja na vikopo vyao, tunawarudisha. Nilikaa mbele ya microscope bila kitu chini yake.

Niliwaza boîte mchana wote.

Ilikuwa mwaka 2019. Mugeni mumoja wa Ubelgiji ndiye alimufundisha géocaching. Unaficha boîte porini, ndani kaye kadogo ka kuandikia na kalamu. Unaweka namba zake za GPS ku internet. Mutu wa mbali anakuja na telefone, anatafuta, akipata anaandika jina na tarehe mu kaye, anarudisha boîte palepale. Hachukui kitu. Ni hiyo tu! Guylain alifurahi kama mutoto. Alizificha tisa, mu tunjia tudogo ambatwo wageni hawatujui, kuanzia juu ku mikaratusi mpaka chini ku maji.

Nilimucheka. Niliambia wenzangu wa labo, na yeye akiwa amesimama pale: bwana yangu, mutu muzima, anaficha plastiki mu majani! Tulicheka wote. Yeye pia alicheka. Lakini tangu siku ile hakunisimulia tena habari ya boîte.

Namba zote tisa ziko bado mu telefone yake ya zamani, ile ya kioo iliyopasuka. Nitaenda kuleta moja. Tuizike hiyo.


Alhamisi, 27 Machi

Nilimwambia Noëlla, muke wa Destin. Nilidhani atanikataza. Ana mutoto wa miezi tano, Charlène, bado ananyonya.

— Kama unaenda, naenda, alisema. Mi nakaa hapa na nini?

Destin ni parrain ya Ornella, baba yake wa ubatizo. Tulibatiza pamoja, tulikula pamoja. Sasa tunangoja pamoja.


Ijumaa, 28 Machi

Nitaandika kwa utaratibu.

Tulienda na moto, pikipiki za kukodi, mpaka Mudaka, kutoka pale miguu. Kulikuwa barrière, kizuizi ku barabara. Sitaweka hapa jina ya watu wenye bunduki, wa upande wowote. Waliuliza munaenda wapi. Noëlla alisema: kwa shangazi, kumuonyesha mutoto. Walimutazama Charlène, wakatuacha.

Poste ya walinzi haina tena mulango. Haina mabati. Hata dirisha walibeba. Tulipita haraka.

Njia za Guylain kwenda namba 1 zimeota majani mpaka magoti. Telefone ilisema mita 12, mita 8, kisha ikasema tumefika — na hakuna kitu! Tulipapasa saa nzima. Noëlla ndiye alipata. Chini ya muzizi, nyuma ya jiwe ambalo mutu alilisimamisha makusudi. Boîte ya plastiki yenye kifuniko chekundu.

Nilitaka kuitia mu kikapu tu, turudi. Noëlla alisema: fungua basi. Nikafungua kaye. Kurasa za mbele, wageni: Liège, Kampala, Toulouse. Ya mwisho, mwandiko wa Guylain.

«Lundi 17/02. Niko na Destin. Tulitoka ku poste samedi 15/02, risasi zilikuwa karibu. Telefone zimepotea. Na hizi tenue, nguo za kazi za parc, hatuwezi kupita ku barabara, zinafanana na za jeshi. Colombe, najua haupendake huu muchezo. Lakini utawaza tu hizi boîte. Leta nguo za raia za watu wawili. Tutakungojea hapa siku tatu. G.»

Chini yake:

«Mercredi 19/02. Bado tuko. G.»

Na chini tena:

«Jeudi 20/02, asubuhi. Tunashuka ku namba 4, hapa watu wanapita mingi. Usikasirike. G.»

Noëlla alipiga kelele ya furaha, aliruka na mutoto mugongoni: wazima! Walikuwa wazima, Colombe! Kisha alinitazama. — Mbona haufurahi?

Tarehe 17, 18, 19. Najua nilikuwa wapi. Nilikuwa mu nyumba, mulango umefungwa. Tarehe 18 nilifua mashati yake yote, juu ya kukosa cha kufanya. Nikayapiga pasi. Nikayakunja.

Siku tatu alisimama pale akingojea mashati.


Jumamosi, 29 Machi

Sikumwambia belle-mère. Nitamwambia nini? Kwamba mwana wake alikuwa hai na mukaza-mwana wake alikaa akipiga pasi?

Léopold alikuja kupima mahali pa kuweka bâche, turubai ya deuil. Nilimwambia asogeze tarehe. Aliuliza mpaka lini. Sijui, nilisema.

— Colombe, utapeleka mama mpaka wapi? Hakulake tena chakula! Unataka tuzike wawili?

Yeye ana haki. Hata yeye amekonda.

Nguo za Guylain ziko mu valise. Nimezitia mu kikapu. Wazimu! Leo ni tarehe 29 Machi, na mi natayarisha nguo za mutu wa tarehe 17 Februari.


Jumapili, 30 Machi

Sikuenda misa. Mvua. Kule chini njia itakuwa matope. Kesho.


Jumatatu, 31 Machi

Namba 4 iko ndani ya shina la muti uliooza. Sasa najua namna yake ya kuficha. Hafichi mbali. Anaficha mahali ambapo mutu angekaa kupumzika.

«Samedi 22/02. Mvua siku mbili. Destin iko na homa. Mi nilijikata muguu na panga, si kubwa. Tunakula maharagi ya shamba ya watu, Mungu atusamehe. Colombe, kama ulifika ku 1 hukutupata, shuka. G.»

«Lundi 24/02. Muguu umevimba. Destin anatetemeka usiku na mchana. Tunashuka ku 7. G. na D.»

Tulishuka ku 7. Noëlla hakurukaruka tena. Charlène alilia njia yote, Noëlla alimunyonyesha akitembea.

Namba 7 iko mahali pazuri kabisa. Jiwe pana, mbele yake ziwa lote, na kisiwa Idjwi kule katikati kama mutu aliyelala. Nilisimama pale kama mujinga. Miaka sita alikuwa na mahali kama hapa. Hakunileta hata mara moja. Hapana, nisidanganye — aliniomba nije. Nilisema nina kazi.

Mu kaye ya namba 7, kwa crayon, herufi kubwa zinazoyumba:

«26/02. Mwenzangu hawezi tena kutembea. Ninamubeba. Tunashuka ku 9, ku maji. Pale kuna watu.»

Hakuna G. Hakuna D.

Noëlla alisoma juu ya bega langu. Alisema polepole: ni mwandiko ya Destin.

— Hapana. Ni ya Guylain. Boîte ni zake.

— Guylain alikuwa na muguu mubovu, Colombe. Atamubeba mutu namna gani?

— Na Destin na homa ile atamubeba namna gani?

Tulivutana kaye. Kweli, tulivutana, kama watoto wa shule! Karatasi ikapasuka kidogo pembeni. Ndipo Charlène akaamka, na sisi wote wawili tukaachilia.


Jumanne, 1 Aprili

Niliomba Noëlla anipe kitu Destin aliandika. Alinipa karatasi ya vaccin, ya chanjo ya Charlène, baba ndiye aliandika majina. Nikaipeleka ku labo na ile kaye, pamoja na barua ya zamani ya Guylain. Niliweka loupe, kioo cha kukuza.

Wote wawili walisoma shule moja, kule Nyantende, ku mwalimu mumoja. Sept, yaani 7, ya Guylain ina kamustari katikati. Ya Destin pia. «M» ni ileile. Mwalimu alimupiga kila mutoto fimbo mpaka wote wakaandika kama yeye!

Kwa crayon, na homa, juu ya goti, mwandiko si wa mutu yeyote. Miaka kumi na moja natazama vitu vidogo na kusema hii ni malaria, hii si malaria. Leo sikuweza kutambua mukono wa bwana yangu.


Jumatano, 2 Aprili

Tulifika ku namba 9 saa sita. Chini kabisa, mita chache na maji. Hakuna boîte. Jiwe limepinduliwa, udongo mukavu mahali ilipokuwa. Nilichimba na vidole mpaka kucha ikavunjika.

Kule mbele kuna nyumba nne, migomba, nyavu za sambaza, wale samaki wadogo, juu ya miti. Mama muzee mumoja alikuwa anatutazama tangu mwanzo. Aliuliza mu Mashi tunatafuta nini. Noëlla alisema: kaboîte ka plastiki, kifuniko chekundu.

Yule mama aligeuka. Aliingia ndani. Alitoka nayo. Ndani ameweka chumvi.

Anaitwa M'Mushagalusa, mujane. Alitukalisha. Hakutaka kusema kwanza, tulimuomba. Nitaandika vile alivyosema, sitaongeza.

Wanaume wawili walishuka kutoka porini, jioni moja, mwisho wa mwezi wa pili. Mumoja amemubeba mwenzake mugongoni. Wote wawili ndevu, matope mpaka machoni. Alifikiri ni watu wa bunduki, akataka kukimbia. Yule aliyebeba alisema: Mama, usiogope, hatuna kitu. Aliwapa uji. Zile tenue aliwavua akazichoma, juu zingeleta kifo kwake. Aliwavika makoti ya marehemu bwana wake. Aliyebebwa alikufa siku ya pili, asubuhi. Walimuzika ku kilima juu ya migomba, wanaume wa pale na yule mwenzake — mwenzake hakuweza hata kushika jembe, alikaa chini tu. Kesho yake yeye pia akaanguka. Mwenye pirogue, mutumbwi, akamuvusha upande wa Idjwi, kwa centre de santé, akatibiwe. Alikuwa anapumua bado. Tangu pale, basi, hakusikia tena habari.

Noëlla aliuliza: majina yao?

— Mwanangu, siku zile sikuuliza mutu jina. Ukijua jina, watakuuliza jina.

— Mumoja alikuwa na muguu mubaya!

— Wote wawili walikuwa na miguu mibaya.

— Ni nani alikuwa murefu?

— Mutu aliyelala hana urefu.

Niliuliza kuhusu kaye ya ndani ya boîte. Alitazama chini. Karatasi zake aliwashia moto, siku ya mvua, moja moja mpaka zikaisha. Hajui kusoma. Aliniomba pardon. Nilimwambia si kitu. Kulikuwa nini mu ile kaye? Kulikuwa kitu?

Alitupeleka juu ya migomba. Kaburi iko safi. Anaipalilia. Ameweka mawe pande zote, na musalaba wa matete. Mutu asiyemujua!

Noëlla alipiga magoti upande mumoja, mimi upande wa pili. Hatukulia. Utalilia nani? Ukilia kwanza, ni kama umekubali.

Chef wa kijiji alisema tunaweza kufungua Jumamosi asubuhi, kama familia zote mbili ziko.

Mu njia ya kurudi Noëlla alikaa ku moto yake, mimi ku yangu. Mu muji, ku Essence, tulishuka. Hatukuagana.


Alhamisi, 3 Aprili

Nimesema. Yote. Belle-mère alisikiliza akishika ile sachet ya pagne. Nilingoja anitukane juu ya zile siku tatu. Hakunitukana. Aliuliza tu: alikuandikia usikasirike?

— Ndiyo, mama.

— Ndiyo yeye, alisema. Akalia kwa mara ya kwanza mbele yangu.

Kisha aliniambia kitu. Guylain akiwa mutoto alianguka kutoka ku muavoka, muti wa parachichi, mufupa wa bega la kushoto ulivunjika na ukashikana vibaya. Juu ya nyama hauonekani. Miaka kumi na mbili nimelala karibu na lile bega na sikujua.

Kwa hiyo kutakuwa na alama. Wiki tano mu udongo mubichi, sura haitakuwa sura tena, hiyo ndiyo kazi yangu, najua. Lakini mufupa unakaa.

Léopold amesimamisha bâche. Hakuitoa. Anasema itabaki pale, tutajua Jumamosi ni ya nani.


Ijumaa, 4 Aprili

Niandike hii, juu hakuna mutu wa kuisoma.

Asubuhi nilienda kanisani, nikapiga magoti, nikaomba yule wa kaburi awe Destin. Nilisema jina lake. Destin aliyemushika Ornella juu ya maji ya ubatizo. Nilisema: Bwana, ile nyumba iko na mutoto mumoja tu, mudogo, hatamukumbuka. Ndiyo vile nilisema!

Nikageuka kutoka. Noëlla alikuwa safu ya mwisho, Charlène mapajani, macho yamefungwa, midomo inaenda mbio.

Sikuuliza anaomba nini.

Alinifuata nje. Alikuwa na sambaza mu kikapu, za Ornella. Alisema: chukua, mutoto anazipenda. Nikachukua. Alisema: Colombe, yule mwingine pia, ni wiki tano hakuna habari. Hata simu ya kuazima hakupiga.

Najua. Nimewaza hiyo kila saa. Labda tunanyang'anyana mutu aliyekufa pia. Labda hakuna cha kunyang'anyana, kuna makaburi mawili tu, na moja hatujui iko wapi. Nilituma neno kwa watu wa Idjwi, centre tatu. Moja ilijibu: hapana. Mbili hazikujibu.

Aliniuliza kesho tunaondoka saa ngapi. Saa kumi na mbili. Alisema atapita kunichukua.


Jumamosi, 5 Aprili

Tuko ku migomba. Naandika juu ya goti, kwa sababu nikikaa mikono bure nitapiga kelele.

Léopold na wanaume wawili wa kijiji wanachimba. Catéchiste anasali, hasikiki. Mama Adolphine amekaa ku kiti cha M'Mushagalusa, amefumba macho. Mama ya Destin pia amekuja, kutoka Kalehe, amefunga kichwa na pagne ya kanisa. Wamama wawili wamekaa karibu karibu. Mumoja anamupepea mwenzake nzi.

Ziwa limetulia kabisa. Watu wanavua samaki kule, kama siku yoyote.

Noëlla yuko pembeni yangu. Alinipa Charlène nimubebe kidogo ku mukono mumoja, mikono yake imechoka. Mutoto ni muzito. Analala. Ana harufu ya maziwa.

Jembe zimenyamaza. Sasa wanatoa udongo na mikono.

Léopold ametoka mu shimo. Alifuta uso na shati. Alisema koti iko pale, na mutu yuko ndani. Alisema yeye hawezi kugusa bega. Anataka mumoja wetu. Muke mumoja ashuke kwanza, atazame.

Wote wanatutazama.

Noëlla hasimami. Mimi pia sisimami. Ameshika kitambaa changu, na mi nina mutoto wake mu mukono mumoja, na Léopold anauliza tena, nani anakuja. Nafunga kaye hii.